Resi ya Tatu

Wiki iliyopita niliwaacha nimepiga magoti kwenye tope la Kivukoni, baba mkwe kanisimamia na fimbo yake, na mke wangu Kija anapanda bodaboda na mwanetu Rozi mgongoni, hageuki nyuma. Msomaji mmoja wa Sanje akanitumia ujumbe: "Wewe Ildefonce, hivi huwa unashinda lini?"

Ndugu yangu wa Sanje, hata mimi naisubiri hiyo siku.

Kwa aliyelipata gazeti hili limefungiwa maandazi, nijieleze kidogo. Mimi ni dereva hapa Ifakara. Nina Kanta kuukuu, lori dogo la mizigo, juu ya kioo nimeliandika HAYA NI MAPITO, watu wakafupisha wakaliita Mapito. Mara mbili nimelipeleka ng'ambo ya mto kubeba mpunga wa baba mkwe wangu, mzee Ndaki, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Mara mbili limezama kwenye tope kabla ya kufika. Mwaka jana mpunga wake uliota ndani ya magunia huku mimi nimekaa njiani nalitazama tairi.

"Mwanaume ambaye gari lake halifiki," mzee alisema siku ile ya tope, "hata neno lake halifiki."

Kisha akanipa sharti. Mpunga wa mwaka huu bado uko mbugani, mkavu, umefunikwa turubai. Ukiingia mjini mkavu, Kija atarudi kwangu amekaa juu ya magunia hayohayo. Ukilowa, mzee anarudisha mahari yangu na Kija anakwenda Usukuma kwa shangazi zake, moja kwa moja.

"Na mpaka hapo asikanyage kwako," aliongeza. "Nikisikia mmekutana kwa siri, sitasubiri mpunga. Ataondoka siku hiyohiyo."

Mzee Ndaki hatishi watu. Akisema kitu, ujue ameshakifanya moyoni.

Basi nikapiga hesabu zangu za kijinga: jua linawaka, tope linakauka, safari ya tatu siwezi kukosa. Ndipo likapita gari la matangazo na spika yake. Kuanzia wiki hii, gari la mizigo lisilo na stika ya moshi halivuki daraja la Kivukoni. Wapima moshi wanakuja Ijumaa na mashine yao, siku moja tu, halafu wanaendelea na safari upande wa Chita.

Mtu akizaliwa na mkosi, hata moshi wake unafuatiliwa.

Nilikwenda kijiweni kuuliza hicho kipimo kikoje. Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda cha dada Sada, mama lishe wetu, na mkubwa wa kijiwe ni mzee Hermenegildi, aliyeanza kuendesha malori enzi za kivuko, wakati daraja halijawaziwa hata na mlevi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuuliza moshi."

"Umejuaje?"

"Uso wako. Kaa." Akasogeza kikombe chake. "Wanaingiza mpira kwenye bomba la moshi. Mpira ule umeungwa kwenye mashine. Wanapiga resi, mashine inasoma."

"Halafu?"

"Halafu wanakaa kimya."

"Wakikaa kimya ndiyo nini?"

"Ndiyo umeanguka."

Dada Sada akatoa kichwa dirishani, mwiko mkononi. "Mimi nimesikia wanampima na dereva. Unapuliza."

"Hiyo ya kupuliza ni ya pombe, Sada," mzee akamwambia.

"Basi Ilde usinywe, baba. Usije ukapuliza ukaniaibisha."

Mzee akanieleza vizuri, hatua kwa hatua, na nitawapa na ninyi kwa sababu najua wapo wenye magari wanaosoma hapa wakijifanya wanasoma michezo. Gari lifike limepata moto, injini baridi haipimwi. Wanachungulia kwanza kama bomba limetoboka. Gia inawekwa huru. Mguu unakanyagwa mpaka chini, ghafla, kisha unaachiwa. Resi tatu. Moshi mweusi, dizeli haiungui vizuri. Moshi wa bluu, gari linakula oili.

"Na lako, usinifiche," mzee akasema, "linakula oili."

Hakuna asiyejua. Nikipita sokoni watu hawaniulizi habari za nyumbani, wananiuliza kama nimeongeza oili.

Basi Alhamisi nzima nilikuwa chini ya gari. Nikasafisha nozeli za kupulizia dizeli. Nikafunga chujio jipya la hewa. Jioni nikatia oili, nikapima kwa kile kijiti chake, nikafuta, nikapima tena. Ilikuwa imefika alama ya juu barabara, haijapungua, haijazidi. Nikaliegesha Mapito mbele ya kibanda cha Sada kama kawaida, nikaenda nyumbani nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Hapa lazima niwaeleze desturi moja ya kijiweni kwetu, maana bila hiyo hamtanielewa. Mwenzetu akiwa na safari ngumu, gari lake huchangiwa. Si pesa. Mmoja anajaza upepo, mwingine anaongeza maji kwenye rejeta, mwingine anakaza nati iliyolegea. Na anayechanga hasemi. Tenda wema nenda zako. Ukitangaza umeharibu, ni afadhali usingechanga. Magari yanalala nje, wala hayana kufuli la maana. Mimi mwenyewe nimewachangia wengi hivyo, na hakuna aliyewahi kujua kuwa ni mimi, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake.

Shikeni hapo.

Asubuhi ya Ijumaa niliwasha Mapito likawaka mkono wa kwanza. Nikaona dalili njema. Njiani lilivuta kivivu kidogo, lakini nikadhani ni hofu yangu mwenyewe, na kutoka kijiweni mpaka uwanja wa kupimia si mbali, mtu unafika hujamaliza kujikuna.

Uwanjani foleni ilikuwa imeshajaa. Mafuso ya mchele, matrekta, pikapu za ndizi. Wapima moshi walikuwa wametandika meza chini ya turubai, mashine juu yake, na mbele ya meza wamechora mstari wa chokaa. Baadaye kidogo dada Sada naye akahamia hapo na chai yake, kwa sababu penye foleni ndipo penye njaa. Mzee Hermenegildi alikuwa amekaa kwenye benchi lake, ananisindikiza tu, gari lake halivuki mto siku hizi.

Na kando ya uzio alikuwa amesimama mzee Ndaki, kajifunga blanketi lake begani, fimbo mkononi. Nyuma yake Kija. Rozi mgongoni, kofia nyeupe ya kufuma kichwani.

Nikaenda nikainama.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka," akajibu. Kisha kwa Kiswahili, kama mtu anayetoa amri shambani: "Tumelala kwa ndugu yetu hapa mjini. Ukipata hiyo stika, tunapanda wote, tunavuka. Shemeji zako wako mbugani wanasubiri na magunia. Mto umeanza kupanda."

"Mvua haijanyesha, baba."

"Imenyesha milimani. Maji hayaombi ruhusa kwako."

Nikamgeukia mke wangu. Nilikuwa sijamwona tangu siku ile ya tope. Nikamnyooshea mkono, salamu ya kawaida mbele ya watu, ambayo hata baba mkwe asingeiita siri.

Kija hakunipa mkono. Wa kulia aliuficha ndani ya kitenge. Akaitika tu kwa kichwa, macho chini.

Niliumia, siwafichi. Nikajisemea, basi hata mkono wangu sasa unamchefua. Nikarudi kwenye gari langu nikakaa, nikawa naangalia mbele kama nina jambo la maana la kuangalia.

Zamu yangu ikafika.

Mpimaji alikuwa dada mmoja kijana anaitwa Kristina, suruali ya kazi, glavu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mkali. Hakuwa mkali hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana sina wa kumchukia.

"Shikamoo kaka," akanisalimia, japo hatujapishana sana umri. "Gari limepata moto?"

"Limepata."

"Vizuri. Shuka, usimame nyuma ya mstari. Mimi ndiye nitakayekanyaga."

"Mimi nalijua zaidi, dada. Lina maringo yake."

"Najua. Kila mtu lake lina maringo. Ndiyo maana nakanyaga mimi, ili wote wawe sawa. Tafadhali usivuke mstari mpaka nikuite, la sivyo tunaanza upya mwisho wa foleni."

Nikatazama mwisho wa foleni. Ulikuwa umeshapita kona.

Nikashuka. Nikasimama nyuma ya chokaa, mikono nimeikunja nyuma kama mtuhumiwa. Mzee Ndaki akaja akasimama kushoto kwangu.

Wakalizunguka gari. Wakachungulia bomba, wakaligonga, likalia vizuri. Mwenzake Kristina akaingiza mpira, akarudi mezani kwenye mashine. Kristina akapanda, akakaa kwenye kiti changu, akalisogeza mbele takia langu la mgongo.

"Tayari?"

"Tayari," akajibu wa mezani.

Akakanyaga.

Mapito likanguruma, likapanda, likashuka. Kule nyuma ya bomba nilitegemea kuona wingu jeusi. Nikaona kamoshi kembamba tu, kakapotea.

"Safi," akasema wa mezani.

Mzee Hermenegildi akapiga makofi mara moja, akajizuia. Dada Sada akasema, "Yesu na Maria," na wakati Sada ni Mwislamu.

Resi ya pili. Mapito likapanda, likashuka.

"Safi. Ipo chini ya kiwango, tena mbali."

Mzee Ndaki akanigeukia. Sijawahi kumwona mzee yule akicheka, na wala hakucheka. Lakini alisema, "Kumbe linaweza."

Wasomaji wangu, kwa neno hilo niliona nimeoa upya. Nikamtazama Kija pale kwenye uzio. Safari hii macho yake yalikuwa kwangu, na yalikuwa na maji. Kristina akatoa kichwa dirishani, nikaona kipande cha stika tayari mkononi mwa mwenzake.

"Moja ya mwisho, kaka. Ikiwa kama hizi, nabandika sasa hivi."

Akakanyaga ya tatu.

Likapanda.

Halikushuka.

Mwanzoni nilidhani hajaondoa mguu. Sauti ikazidi kupanda, ikawa nyembamba, ikawa kilio. Kristina akainua mguu wake juu kabisa, mimi nilikiona kiatu. Gari likazidi. Akazungusha ufunguo akauchomoa, akautoa nje ya dirisha watu wauone, na Mapito likazidi kulia bila ufunguo, bila mguu, bila mtu. Bomba likaanza kutema moshi mweupe, mzito, ukafunika meza, ukafunika mashine, ukafunika foleni.

"Zima!" watu wakapiga kelele.

"Limezimwa!" Kristina akajibu, akaruka chini. "Halizimiki! Kimbieni mbali na injini!"

Foleni ikasambaa. Madereva wakaacha magari yao wakakimbilia barabarani. Sufuria la chai la Sada likapinduka. Mimi nikauvuka mstari wa chokaa. Nikafika kwenye gari langu mwenyewe na sikujua nifanye nini. Miaka yote ile nimekaa nalo, nalala nalo, nalisemesha, na nikasimama mbele yake mikono mitupu kama mgeni.

"Ziba hewa!" Kristina akanifokea sikioni. "Bomba la kuvutia hewa, pale! Nguo nzito! Likikosa hewa litakufa!"

Nikavua shati, nikalisukumiza kwenye bomba. Likanyonywa lote, likanitoka mkononi kama limenyakuliwa, na injini ikaendelea kulia. Nikatia mkono. Kristina akanivuta nyuma. "Litakukata vidole!"

Kuna mtu akanisukuma pembeni. Alikuwa mzee Ndaki. Amevua blanketi lake, amelikunja mara nne, akaliweka kwenye mdomo wa bomba, akaegemea na kifua chake chote, miguu ameitanua kama anazuia fahali.

Mapito likatetemeka. Likapiga kishindo kimoja, chuma kwa chuma, ndani kabisa. Kisha likanyamaza.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule hapa mjini mchana.

Nikapiga magoti nikachungulia chini ya gari. Oili ilikuwa inadondoka kutoka mahali ambapo hapana tundu. Sasa tundu lilikuwepo. Ningeweza kuingiza ngumi.

"Imenoki," mzee Hermenegildi akasema nyuma yangu, sauti ya msibani. "Ilde, mwanangu, imekufa."

Mzee Ndaki alikuwa ameshika blanketi lake, limeraruka katikati. Hakunilaumu. Aliuliza tu, kwa yule dada: "Kwa nini?"

Kristina akachomoa kile kijiti cha oili. Akakifuta, akakichovya, akakitazama. Akachovya tena. Akanionyesha: oili ilikuwa imepita alama ya juu, imepita, imeendelea mpaka katikati ya kijiti.

"Na hapo nyingine imeshaungua, nyingine imeshamwagika," akasema. "Kaka, oili yote hii umeitia wewe?"

"Mimi nilitia mpaka alama. Jana. Nikapima mara mbili."

"Imezidi mno. Resi ikipanda, oili inapanda nayo, inaingia njia ya hewa. Injini inaacha dizeli, inaungua oili yake yenyewe. Hapo ukichomoa ufunguo haisikii." Akaniangalia kwa huruma. "Kuna mtu ameongeza."

Halafu mzee Hermenegildi akavua kofia yake.

"Mimi," akasema. "Alfajiri nilipokuwa naenda misa. Nilikuwa na kidumu. Nikajua linakula oili, nikasema isimpungukie mbele ya wapimaji." Akaikunja ile kofia. "Tenda wema, nikaenda zangu."

"Mungu wangu," dada Sada akasema. Akakaa chini palepale penye chai iliyomwagika. "Na mimi. Kabla sijawasha moto. Chupa moja tu, Ilde. Ile ya mume wangu aliyoacha. Chupa moja tu."

Ningewafanya nini? Niambieni. Ningemshika shati mzee wa umri wa baba yangu, au mwanamke ambaye amenilisha kwa imani siku zote hizi Kija alipokuwa hayupo? Kila mtu alinipenda. Ndivyo walivyoniua.

Kristina alikuwa bado anakitazama kijiti. "Kidumu cha mzee kilikuwa kimejaa?"

"Nusu."

"Nusu ya kidumu, na chupa ya mama." Akatikisa kichwa. "Haifiki hapa. Kuna mwingine tena."

"Madereva wenzake," mzee Hermenegildi akasema.

"Hapana," Sada akakataa. "Mimi nilikuwa pale kibandani mpaka Ilde anawasha. Madereva hawakuja. Labda kabla yangu, kabla hakujapambazuka vizuri..." Akanyamaza ghafla. Akaniangalia, kisha akaangalia chini, akaanza kukamua upindo wa kanga yake uliolowa chai.

Simu ya mzee Ndaki ikaita. Akaisikiliza. Aliongea Kisukuma, maneno machache, lakini jina la mto nililisikia, na neno la turubai nililisikia. Akaikata.

"Maji yamefika kwenye miti ya kwanza," akatuambia. "Wanahamisha kwa vichwa. Hawataweza kuhamisha yote."

Nikageuka nisimwonyeshe uso wangu. Ndipo macho yangu yakatua kwa Kija.

Alikuwa amesogea karibu, nyuma ya baba yake. Rozi alikuwa anachungulia begani kwake. Na kwenye ile kofia nyeupe ya kufuma, juu ya paji la uso, palikuwa na alama nyeusi. Alama ya dole gumba, imekaa vizuri kama ya kwenye kitambulisho.

Mimi namjua mke wangu. Kila baada ya muda kidogo humshusha mtoto kofia kwa dole gumba, asipigwe na baridi. Anafanya bila kujua. Anafanya hata anapoongea na watu. Na mdomo wa oili wa Mapito, wale wanaolijua gari langu wanajua, umejaa masizi. Ukiufungua lazima uondoke na rangi yake.

Kwa hiyo ule mkono wa kulia haukufichwa kwa kunichukia.

Alitoka kwa ndugu yao kukiwa bado na giza, mtoto mgongoni, akapita mji mzima mpaka kijiweni. Hakuja kuniona. Alijua akiniona itakuwa mwisho wetu. Alikuja kwenye gari. Akalichangia, kama nilivyomfundisha mwenyewe kuwa sisi ndivyo tunavyofanya, akafunga, akaenda zake. Alitaka kurudi nyumbani. Wiki nzima nimelala nikijiuliza kama bado ananitaka, na jibu lilikuwa tumboni mwa injini, limeshafanya kazi yake.

Nililia. Kwa furaha nililia, na kwa msiba, na sikujua chozi lipi ni la nini.

"Mkwe," mzee Ndaki akaniita.

"Naam, baba."

"Huyu binti anasema kuna mtu mwingine. Mtu huyo ameniulia mpunga. Wewe gari ni lako, kijiwe ni chako. Nauliza mara moja tu. Ni nani?"

Pimeni na ninyi. Nikimtaja Kija, amekuja kwangu kwa siri, na neno la mzee halirudi nyuma: leo hii anapanda basi. Nikisema ni mimi, basi mimi ndiye mjinga aliyeliua gari lake kwa mkono wake siku maji yanapanda, mpunga umelowa, mahari inarudi: leo hii anapanda basi. Nikinyamaza, Sada ameshanyamaza vibaya, kama aliyemwona mtu, na mzee si mtoto.

Kija aliinua macho. Akatikisa kichwa kidogo sana, ishara ambayo mtu mwingine asingeiona. Sikuelewa ananiambia nisiseme, au ananiaga.

Nikafuta uso kwa mkono wenye oili. Nikavuta pumzi. Na yeye, nikamwona, akapiga hatua mbele ya baba yake na kuvuta yake.

Tukasema kwa wakati mmoja, neno lilelile.

"Ni mimi."

Mzee Ndaki akaniangalia mimi, nimetapakaa oili mpaka kifuani, sina hata shati. Kisha akamgeukia binti yake, ambaye alikuwa safi, ambaye muda wote wa kipimo alikuwa amesimama kwenye uzio, mbali na gari. Akamwangalia mtoto. Akaangalia kofia.

Akaiweka fimbo chini, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya, akanyoosha kiganja chake.

"Kija, ng'wanawane, mwanangu," akasema taratibu. "Nipe mkono wako wa kulia."